Kinga haiamshi mafuta kwa poda: jibu kwa msomaji anayetoka jasho usiku

SWALI: Daktari, habari za kazi. Mimi ni mwanamke wa miaka 36. Kwa karibu mwaka mzima uzito wangu umekuwa ukipanda, na nasikia baridi hata pale wenzangu wanapolalamikia joto. Nilisoma kwamba mwilini kuna mafuta ya kahawia yanayounguza mafuta ili kutoa joto, na kwamba seli za kinga zina mkono wake katika kazi hiyo. Muuzaji mmoja wa virutubisho akaniambia kinga yangu imelala, ndiyo maana nasikia baridi na kunenepa, akaniuzia poda ya kuongeza kinga. Nimeitumia wiki tatu. Kweli sasa nasikia joto, natoka jasho, moyo unakwenda mbio usiku, na nimepungua kilo mbili. Yeye anasema hizo ni dalili kwamba mafuta ya kahawia yameamka, hivyo niongeze vijiko. Je, niongeze? Na kuna kipimo cha kuonyesha kwamba kinga imelala?

JIBU: Usiongeze, dada yangu. Iache leo, na kesho nenda hospitali ukapimwe mapigo ya moyo, presha na homoni za thairoidi, tezi ya shingoni inayosimamia kasi ya mwili kutumia nishati. Sababu nitazieleza, lakini nimeanza na hilo kwa kuwa moyo kwenda mbio usiku ndilo jambo zito kuliko yote uliyoandika, na ndilo muuzaji wako alilolifurahia.

Swali la namna hii hunijia kila mara, leo likiwa na poda, kesho vidonge, keshokutwa dripu. Kila linapokuja limebeba wazo lile lile: kwamba kinga ya mwili ni kitu kimoja chenye kiwango, kikishuka mtu ananenepa, kikipanda mafuta yanaungua. Katika fani yangu ya homoni hakuna wazo linaloniudhi kama hili, maana limechukua ugunduzi wa kweli, tena wa kuvutia, likaugeuza mtego wa kuwanyang'anya watu fedha na afya.

Ugunduzi wenyewe ni huu. Ukipigwa na baridi, ngozi hupeleka habari kwenye haipothalamasi, sehemu ya ubongo inayosimamia joto la mwili. Kutoka hapo amri hushuka kwa mishipa ya fahamu ya simpathetiki, ile inayofanya kazi bila mtu kuiamuru, hadi kwenye mafuta ya kahawia, na ncha za mishipa hiyo humwaga noradrenalini, kemikali inayobeba ujumbe wake. Seli ya mafuta ikiipokea huanza kuvunja akiba yake, na protini iitwayo UCP1, iliyomo ndani ya mitokondria, vinu vidogo vya nishati vya seli, huifanya nishati ile itoke kama joto badala ya kutumika kutengeneza ATP, kemikali ambayo seli huitumia kuendeshea kazi zake. Katika mlolongo huo wote kinga haijatajwa popote. Mtoa amri ni ubongo. Seli za kinga zimo humo humo ndani ya mafuta, zimejipenyeza kati ya seli moja na nyingine na kuizingira mishipa ya fahamu, na kazi yao ni kurekebisha: kuirefusha amri, kuifupisha, kuongeza seli zinazoweza kuiitikia, au kuzifanya zilizopo zisiitikie.

Zipo zinazosaidia. Kwa panya wa maabara, majaribio yaliyochapishwa mwaka 2014 na 2015 yalionyesha kwamba seli za kinga za kundi la ILC2, zikichochewa na interlukini-33 (interlukini ni kemikali ambazo seli za kinga hutumiana kama ujumbe), hushirikiana na eosinofili, aina ya seli nyeupe za damu, na eosinofili hutoa interlukini-4. Ujumbe huo unapozifikia makrofeji, seli za kinga zinazokula mabaki na vijidudu, na seli changa za mafuta, ndani ya mafuta meupe ya kawaida huchipuka seli za kahawia hafifu zenye UCP1, zinazoweza kutoa joto. Hapo ndipo makala nyingi za mitandaoni hukoma, na hapo ndipo wauzaji huanzia.

Wasichokwambia ni kwamba tawi hilo la kinga lina kazi nyingine. Ndilo linalopambana na minyoo, na ndilo linalosababisha mzio na pumu linapozidi mipaka. Mtu mwenye pumu ya eosinofili analo tawi hilo likifanya kazi kupita kiasi mwaka mzima, na pumu haijawahi kuwa dawa ya kukonda. Kinyume chake, unene na pumu huandamana mara nyingi. Kwa hiyo hata kama poda yako ingekuwa na uwezo wa kulichochea tawi hili, jambo ambalo poda ya kunywa haiwezi, ungekuwa umenunua mzio.

Zipo pia seli za kinga zinazozima joto, na kwa mtu aliyenenepa ndizo zinazotawala. Katika mafuta ya mtu mwembamba, makrofeji ni chini ya asilimia 10 ya seli zote. Kwa mtu mnene sana zinaweza kukaribia asilimia 40; hilo limejulikana tangu mwaka 2003. Chukua kipande cha mafuta ya tumbo la mtu huyo ukiweke chini ya hadubini: utaona seli ya mafuta iliyokufa, kubwa, tupu, imezungukwa na makrofeji zilizoshikana duara kamili, zikila mabaki yake. Makrofeji hizo hutoa TNF na interlukini-1 beta, kemikali zinazopunguza utengenezaji wa UCP1 na kuifanya seli ya mafuta isiitikie noradrenalini ipasavyo. Huo ni uchochezi wa kinga, mdogo mdogo lakini usiokoma. Mwanamke mwenye uzito uliozidi akiambiwa kinga yake imelala, ameambiwa kinyume cha kilichomo ndani ya mafuta yake. Kinga humo iko macho usiku na mchana, na kukesha huko ni sehemu ya tatizo.

Kuna mengine yanayochanganya zaidi, na nayataja kwa makusudi ili uone jinsi neno "kuongeza" lisivyo na maana hapa. Interlukini-10 inajulikana kwa kutuliza uchochezi, na mtu angetarajia isaidie mafuta kutoa joto. Majaribio ya panya yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha kwamba inazuia. Panya walioikosa walitoa joto zaidi na hawakunenepa sana. Kwa upande mwingine interlukini-17, ambayo kila mtu anaifahamu kama adui katika magonjwa ya uchochezi kama soriasisi ya ngozi, ikitolewa na seli za T, kundi jingine la seli za kinga, za aina ya gama-delta zilizomo ndani ya mafuta huwasaidia panya kustahimili baridi, na husaidia mishipa ya fahamu kuota na kuyafikia mafuta. Anayetuliza huzuia, anayechochea husaidia, na mahali pengine mwilini hao hao hufanya tofauti. Kinga si redio ambayo unazungusha kitufe sauti ikapanda. Ukimwuliza muuzaji poda yake inaongeza ipi kati ya hizi, mahali gani, na kuacha ipi, hatakuwa na jibu, na swali hilo linatosha kumjua.

Mfano mmoja wa jinsi sayansi ilivyojisahihisha, huku biashara ikibaki nyuma, naomba niueleze kwa kirefu kwa sababu nauona kwenye matangazo mpaka leo. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, walichapisha kwamba makrofeji zilizo katika hali ya utulivu hutengeneza zenyewe noradrenalini na kuyaamsha mafuta ya kahawia wakati wa baridi. Ilikuwa habari kubwa. Ilimaanisha kwamba kinga inaweza kutoa amri bila ubongo. Mwaka 2017 kundi jingine la watafiti lilirudia kazi hiyo kwa uangalifu, likafuta kimeng'enya kinachohitajika kutengeneza noradrenalini katika seli hizo, na panya wakaendelea kutoa joto kama kawaida. Makrofeji hazikuwa zikitengeneza noradrenalini ya kutosha kufanya lolote.

Mwaka huo huo timu nyingine mbili zilionyesha jambo lililo karibu kinyume. Timu moja, iliyokuwa Ureno, iliona makrofeji zilizokumbatia mishipa ya fahamu ndani ya mafuta zikiinyonya noradrenalini na kuivunja. Panya wanene walikuwa na makrofeji za aina hiyo nyingi zaidi, na zilipozuiwa kuinyonya, joto likapanda na uzito ukapungua. Timu ya Chuo Kikuu cha Yale iliona jambo la jamii hiyo kwa panya wazee: makrofeji zao huvunja noradrenalini kupita kiasi, na hiyo ni sababu mojawapo ya mafuta kugoma kuyeyuka uzeeni. Tangazo la poda, hata hivyo, bado linanukuu wazo la mwaka 2011 kana kwamba 2017 haikutokea. "Seli zako za kinga hutengeneza kichocheo cha kuunguza mafuta." Hapana. Mpaka sasa ushahidi unasema zinakimaliza.

Umeona pia kwamba kila nilipotaja jaribio nimetaja panya. Panya ni kiumbe mdogo anayepoteza joto haraka, na katika chumba cha nyuzi 22, ambacho kwetu ni cha starehe, yeye yuko kwenye baridi muda wote. Utulivu wake uko karibu na nyuzi 30. Kwa hiyo mafuta yake ya kahawia yanafanya kazi saa zote, na ukiyagusa kidogo uzito wake unabadilika. Mtu mzima ana mafuta hayo kidogo, hasa shingoni, juu ya mitulinga na kandokando ya uti wa mgongo. Ni mwaka 2009 tu ndipo ilipothibitishwa kwa picha kwamba watu wazima wengi wanayo na yanafanya kazi. Watafiti walipotumia dawa halisi, mirabegroni, inayotolewa kwa matatizo ya kibofu kwa kipimo cha miligramu 25 hadi 50, walihitaji miligramu 200 ili kuyawasha mafuta ya kahawia ya vijana wenye afya. Matumizi ya nishati yakapanda kwa takribani kilokalori 200 kwa siku. Moyo na presha navyo vikapanda. Hiyo ni dawa iliyopimwa, kwa watu waliochunguzwa, chini ya uangalizi. Poda ya kopo haina hata kimoja kati ya hivyo.

Sasa tuje kwenye joto lako. Kusikia joto na kutoka jasho si ushahidi kwamba mafuta yanaungua. Ngozi husikia joto damu inapoisogelea, na jasho ni njia ya mwili kulitupa joto nje. Pilipili inaweza kuleta yote mawili bila gramu moja ya mafuta kupotea. Kilo mbili ndani ya wiki tatu za kutoka jasho usiku kucha zinaweza kuwa maji, na zinaweza kuwa misuli. Homa hutufundisha hilo vizuri. Hapo kinga kweli inapandisha joto: seli zake hutoa kemikali zinazofanya prostaglandini E2, kichocheo cha homa, itengenezwe kwenye ubongo, haipothalamasi inapandisha kiwango, mtu anatetemeka na mishipa ya ngozi inabana. Matumizi ya nishati hupanda kwa takribani asilimia 10 hadi 13 kwa kila nyuzi moja. Mgonjwa anakonda, lakini sehemu kubwa ya anachopoteza ni misuli na maji, na akipona uzito unarudi.

Tena hali ambazo mafuta huwashwa kwa nguvu na kwa muda mrefu kwa mtu mzima ndizo ambazo sisi madaktari hupigana kuzizima. Mgonjwa aliyeungua moto sehemu kubwa ya mwili, mafuta yake meupe hugeuka kuwa ya kahawia hafifu kwa wiki nyingi, na anakonda tukiwa tunamlisha. Katika saratani zinazokondesha, tafiti za mwaka 2014 kwa panya zilionyesha kwamba mafuta huanza kutoa joto bila sababu, interlukini-6 ikiwa mojawapo ya vichochezi, na kwamba mchakato huo huchangia kuumaliza mwili. Mwenye uvimbe wa tezi ya adrenali, iliyo juu ya figo, unaomwaga noradrenalini naye huwaka mafuta ya kahawia, huku presha ikipanda kiasi cha kuweza kumpasua mshipa wa ubongo. Anayekuahidi kinga iwashe mafuta bila kukoma anakuahidi kipande cha magonjwa haya, bila kujua anachokisema.

Uliuliza kipimo. Cha kuonyesha kinga "imelala" hakipo. Upungufu wa kinga ni ugonjwa halisi, na dalili zake ni maambukizi yanayojirudia, mazito, au ya vijidudu visivyo vya kawaida. Kunenepa na kusikia baridi havimo. Mafuta ya kahawia nayo huonekana kwa picha ya PET, ambapo mgonjwa huchomwa sukari yenye mionzi na mahali panapoila kwa wingi hung'aa. Kwa mtu aliyekaa kwenye chumba chenye baridi kabla ya picha, utaona mistari miwili inayong'aa kutoka shingoni hadi juu ya mitulinga, na madoa kandokando ya uti wa mgongo kama yamepangwa kwa mkono. Zamani mng'ao huo uliwatia hofu wasomaji wa picha, kwa kuwa unafanana na saratani iliyosambaa kwenye tezi za limfu. Ndiyo maana siku hizi mgonjwa hufunikwa blanketi na kuwekwa penye joto kabla ya kupigwa picha. Ni kipimo cha gharama na cha mionzi, na hakuna sababu ya wewe kukipiga. Anayekupima "mafuta ya kahawia" kwa kukushikisha vyuma viwili mikononi anakudanganya.

Kinachohitaji kupimwa kwako ni vile vitu vya kawaida ambavyo muuzaji hakuvigusa. Uzito unaopanda pamoja na kusikia baridi pale wengine wanaposikia joto, kwa mwanamke wa umri wako, kwanza ni thairoidi mpaka ithibitike vinginevyo. Tezi hiyo ikilegea, kila tishu inapunguza matumizi yake ya nishati, na mafuta ya kahawia yanaitikia noradrenalini kivivu. Sababu inayoongoza ya kulegea huko, mahali ambapo watu wanapata madini joto ya kutosha, ni kinga ya mwili kuishambulia tezi yenyewe, ugonjwa wa Hashimoto. Tazama basi: ikiwa kinga inahusika na baridi yako, njia iliyo karibu zaidi ni hii, na ndani yake kinga imezidi, haijapungua. Pima TSH, homoni ambayo ubongo huiamuru nayo tezi, na T4 huru, homoni ya tezi yenyewe, na kingamwili dhidi ya thairoidi. Pima wingi wa damu na akiba ya madini ya chuma, kwa sababu upungufu wa chuma peke yake hukufanya usikie baridi, na huwezi kuuona kwa macho. Mwambie daktari kuhusu hedhi yako na dawa zote unazotumia. Mwambie pia kuhusu poda kabla hajachukua damu, na uipeleke na kopo lake, maana yawezekana majibu ya thairoidi yamevurugwa nayo.

Nasema hivyo kwa sababu najua kinachopatikana ndani ya makopo ya namna hii. Mtu ananyoosha mikono mbele yangu, vidole vinatetemeka, mapigo ya moyo yamezidi 100 akiwa amekaa, TSH imeshuka hadi haisomeki, dalili kwamba homoni ya thairoidi imezidi mwilini, na anaapa kwamba anatumia mimea tu. Mimea haifanyi hivyo. Baadhi ya virutubisho vya kupunguza uzito vimekutwa na homoni ya thairoidi iliyofichwa. Vingine vimekutwa na sibutramini, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 baada ya kuonekana inaongeza hatari ya shambulio la moyo na kiharusi. Lebo husema "asilia", na mteja huhisi inafanya kazi, kwa sababu kweli kuna dawa ndani yake, ila si ile aliyoambiwa.

Mbaya kuliko zote ni DNP, na hii nataka kila anayesoma safu hii aifahamu hata kama hana habari na poda. Ni kemikali ya manjano iliyotumika kwenye viwanda vya baruti Ufaransa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na wafanyakazi walioigusa walikonda, wakaungua kwa joto la ndani, baadhi wakafa. Mwaka 1933 ikaanza kutumika Marekani kama dawa ya kukonda, na ndani ya miaka michache ikaacha vifo na watu wenye mtoto wa jicho, hadi mwaka 1938 ilipotangazwa kuwa haifai kutumiwa na binadamu. Leo inauzwa tena kwa njia ya intaneti kwa jina la kuunguza mafuta. Inafanya kile UCP1 inachofanya, kutoa nishati kama joto, lakini UCP1 imo kwenye mafuta yanayotoa joto tu na inaweza kuzimwa, wakati DNP inaingia katika mitokondria ya mwili mzima, moyo na ubongo vikiwemo, na haina breki. Pengo kati ya kipimo kinachokondesha na kinachoua ni dogo mno.

Kwa hiyo yeyote aliyetumia kitu cha kuunguza mafuta akaanza kupandwa na joto lisiloshuka, jasho jingi, kupumua haraka, kuchanganyikiwa, au mkojo na ngozi kuwa vya manjano, asisubiri kupambazuke. Paracetamol haitamsaidia, kwa kuwa hiyo hushusha kiwango kinachopangwa na ubongo, na joto hili halitoki kwenye ubongo. Aende hospitali mara moja akiwa na kopo lenyewe mkononi, na aseme wazi alichokunywa, kiasi na saa. DNP haina dawa ya kuifuta. Wauguzi na madaktari watakachoweza ni kuupoza mwili kwa barafu na kuutunza moyo, na hilo linafanikiwa pale tu linapoanza mapema.